Mtungi wa naitrojeni wa lita 3: baridi upo, lakini waache kutudanganya na "kuliko anga za juu"

Wengi mmeniuliza kuhusu ule mtungi mdogo wa naitrojeni ninaozunguka nao kwa pikipiki, ule wa aluminiamu, lita 3, wenye koti la buluu, kwamba unafaa ama ni kutupa pesa. Unafaa. Lakini uko na maneno yake, na kuna uongo mmoja wa wauzaji lazima niuguse maana umeanza kunichosha.

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mbegu ya mrija, yaani mbegu ya dume iliyogandishwa, upande huu wa mashariki mwa Uganda, Tororo mpaka Busia na mara nyingine hata Bugiri, na mkulima akipiga simu kwamba ng'ombe yuko kwa joto, anataka dume, huwezi kumwambia ngoja Jumatatu. Kwa hiyo mbegu lazima nitembee nazo ndani ya huo mtungi na lazima zibaki chini ya digrii -130 saa zote. Zikipanda juu ya hapo hata kidogo zinaanza kuharibika na ukizirudisha kwa baridi hazifufuki, yaani utapandisha vizuri, utalipwa vizuri, halafu wiki tatu baadaye ng'ombe anarudi kwa joto na jina lako linachafuka soko zima.

Sasa, niliununua Kampala, milioni moja na laki kadhaa, duka silitaji. Kijana aliyeniuzia alikuwa na wimbo mmoja tu: "Musawo (yaani daktari), hii kitu ni baridi kuliko anga za juu, hata mwezini hakufiki hapa." Nikadhani ni mdomo wake tu, kumbe wauzaji wengi wanaimba hivyohivyo mpaka kwenye matangazo ya simu. Na wakulima nao wameshika, juzi mzee mmoja ananiuliza mbele ya watu, "Daktari, kwani ndani ya hiyo chupa umebeba mbingu?" Haya basi tuangalie.

Naitrojeni ya maji, yaani ile gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, inachemka kwa digrii -196. Ndiyo, inachemka, ukifungua kifuniko unaona inatokota polepole hapo chini kama haina shida na mtu, na ndiyo maana mtungi unabaki kwenye -196 ileile bila umeme, bila betri, bila kitu, mpaka tone la mwisho liishe. Kwa hapa duniani hakuna mahali pa asili panapokaribia. Baridi kali kuliko zote iliyopimwa kwa kipimajoto cha kituo ni -89.2, kituo cha Vostok kule Antaktika, Julai 1983, na satelaiti zimeona sehemu za juu ya barafu hukohuko zikishuka kwenye -90 na kitu. Kule kwetu Rwenzori pale kilele cha Margherita, mita 5,109, mnaona ni baridi ya kuua lakini hata nusu ya hiyo hakufiki. Kwa hiyo angesema "kuliko Antaktika" ningemlipa bila kubishana, maana mtungi uko chini ya hapo kwa digrii karibu mia.

Mwezini sasa. Hapa kijana kapata nusu. Usiku wa mwezini kule katikati unashuka kwenye -170 na kitu, kwa hiyo mtungi wangu unaushinda. Lakini kwenye ncha za mwezi kuna mashimo makubwa, makreta, ambayo chini yake jua halijafika kwa muda mrefu mno kwa sababu mwezi haujainama sana, jua linapita pembeni tu, ukingo unakinga. Chombo cha Marekani kinachoitwa Lunar Reconnaissance Orbiter kilifika mwezini mwaka 2009 na kifaa cha kupima joto, na kwenye kreta ya Hermite upande wa kaskazini kikapima kama digrii -247. Naitrojeni inaganda kwa -210. Maana yake ukichukua huu mtungi wangu ukaumwaga pale chini, unapata jiwe.

Na hapo ndipo mimi mwenyewe nilianza kupenda hii habari, kwa sababu kuna sehemu hiyo naitrojeni tunayolipia Kampala ndiyo udongo wenyewe. Triton, mwezi mkubwa wa sayari ya Neptune, uso wake uko karibu -235. Chombo kiitwacho Voyager 2 kilipita pale Agosti 1989 kikakuta barafu ya naitrojeni imefunika ardhi, na juu yake kuna chemchemi za gesi zinaruka juu kilomita kama 8 zimebeba vumbi jeusi, yaani jua dogo la kule mbali linapasha barafu kidogo tu, naitrojeni ya chini inageuka gesi, inakosa pa kutokea, inapasua. Huyo ni ndugu wa ule moshi mweupe unaotoka mtungini ukichomeka kitu cha moto ghafla, sheria ni ileile. Halafu Pluto, ile sayari kibete ya mbali, chombo cha New Horizons kilipita Julai 2015 kikapiga picha uwanda mweupe mpana wa kilomita kama elfu moja, wameuita Sputnik Planitia, karibu wote ni barafu ya naitrojeni, na haijatulia, inapanda kutoka chini na kushuka pole pole sana kwa joto dogo la tumboni mwa Pluto. Banange, mimi nabembeleza lita mbili zifike Ijumaa na kule kuna uwanda mzima.

Lakini anga yenyewe, pale pasipo na sayari wala nyota karibu, ndiyo inammaliza kabisa kijana wa duka. Kiwango cha chini kabisa cha baridi, sifuri kabisa, ni -273.15, chini ya hapo hakuna njia. Anga tupu iko digrii kama 2.7 tu juu ya hapo, kama -270.4. Hizo mbili na ushee ni joto lililobaki tangu ulimwengu ulipoanza, limetawanyika kila upande, na waliolinasa ni wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson kule New Jersey mwaka 1964, antena yao ilikuwa na kelele isiyoisha, wakasafisha mpaka mavi ya njiwa, kelele ikabaki. Wakapata tuzo ya Nobel 1978. Kwa hiyo anga za juu ziko baridi kuliko mtungi wangu kwa zaidi ya digrii 70, na muuzaji akiniambia kinyume nitamwonyesha haya maandishi.

Na kuna pahali baridi kuliko hata anga. Nebula ya Boomerang, yaani wingu la gesi, umbali wa miaka ya nuru kama 5,000, kule kwenye kundi la nyota la Centaurus, wanasayansi waliipima mwaka 1995 kwa darubini ya redio huko Chile wakakuta gesi yake iko digrii 1 tu juu ya sifuri kabisa. Ni nyota inayokufa inatapika gesi kwa kasi ya zaidi ya kilomita 160 kwa sekunde moja, na gesi ikitanuka haraka hivyo inajipoza yenyewe. Sasa msikie hii, mafundi: naitrojeni yetu inatengenezwa kwa ujanja huohuo. Mashine inakandamiza hewa ya kawaida hii tunayovuta, ambayo asilimia 78 ni naitrojeni, inaondoa joto lililotokea, kisha inaiachia itanuke, inapoa, inarudiwa tena na tena mpaka inadondoka kama maji, wanaitenga na oksijeni. Kitu kinachofanyika Boomerang kwa nyota nzima, kinafanyika kwenye mashine ya kule Entebbe kwa watu wa NAGRC, kituo cha serikali cha mbegu za mifugo, ili ng'ombe wa Tororo azae Friziani.

Nimalizie hiyo hesabu: baridi kali kuliko zote zinazojulikana haziko angani, ziko maabara. Mwaka 2021 watafiti Wajerumani walidondosha wingu dogo la atomi kwenye mnara wa Bremen wakafika sehemu 38 za trilioni ya digrii juu ya sifuri kabisa, kwa sekunde kama mbili hivi. Na sumaku za ule mtambo mkubwa wa CERN wa kugonganisha chembe ndogo za atomi pale mpakani mwa Uswisi na Ufaransa zinakaa -271.3, wanaanza kuzipoza kwa naitrojeni kama hii yetu, wanamalizia na heliamu. Kwa hiyo stika ya "kuliko anga" wabandike CERN.

Sasa kwa nini nimeandika yote hayo kwenye habari ya mtungi? Kwa sababu mtu akikuuzia baridi, anakuuzia kitu ambacho si cha mtungi. Baridi ni ya naitrojeni, hata ukiimwaga kwenye sufuria ni -196 ileile. Unachonunua kwa hiyo milioni ni ukuta. Mtungi una ngozi mbili za aluminiamu na katikati hewa yote imefyonzwa, vakyumu, na ndani ya hiyo vakyumu wamezungushia karatasi za kung'aa tabaka kwa tabaka. Joto haliwezi kuvuka pahali patupu kwa kugusana, linabaki na njia moja tu ya kumulika, na hizo karatasi zinalirudisha. James Dewar ndiye alibuni chupa ya namna hii mwaka 1892 akiwa London, alitaka kuhifadhi gesi za maji kwenye maabara, na flaski ya chai ya mama yako ilitoka hapo.

Kwa hiyo ukitaka kusema mtungi una anga, sema iko kwenye ukuta, na huko angani wenyewe wanatumia ujanja uleule. Darubini ya James Webb iliyorushwa Desemba 2021 ina mwavuli wa tabaka tano nyembamba za kung'aa, kati ya tabaka na tabaka ni utupu, upande mmoja unapigwa jua, upande wa pili darubini iko chini ya -220. Na si kila mtu anashinda hiyo vita: darubini ya Ulaya iliyoitwa Herschel ilipanda Mei 2009 na heliamu ya maji zaidi ya lita 2,300, ikawa inageuka mvuke kidogo kidogo kama yetu tu, Aprili 2013 ikaisha, vyombo vikapata joto, kazi ikafungwa. Hakuna wa kwenda kuijazia. Mimi angalau naweza kupanda taxi mpaka Kampala.

Basi ukinunua, usiangalie rangi ya koti, usiangalie stika, pima vakyumu. Nawaambia navyofanya. Mtungi mpya hauujazi mara moja, unamimina kidogo, unaacha shingo ipoe, inatokota sana na kupiga kelele, matone yanayoanguka kwenye sakafu ya simenti yanakimbia huku na huku kama kuku waliotupiwa mahindi, usiogope, yanakimbia juu ya gesi yao wenyewe, lakini usivae kandambili siku hiyo. Ukijaa acha mpaka kesho yake, jaza tena kilichopungua, hapo sasa ndiyo uanze kuhesabu. Weka kwenye mizani. Lita moja ya naitrojeni ni kama gramu 800, kwa hiyo lita 3 ni kilo 2 na gramu 400 juu ya uzito wa mtungi mtupu. Pima asubuhi, pima asubuhi nyingine saa ileile, tofauti ndiyo ukweli wa mtungi. Kama huna mizani chomeka kijiti cha mti kikavu mpaka chini, subiri kidogo, toa ukipungie hewani, mstari mweupe wa barafu utakuonyesha kina. Usitumie bomba lenye tundu, naitrojeni itaruka kupitia humo ikupige usoni.

Huu wangu karatasi inasema unakaa kama wiki tatu ukiwa umefungwa na kutulia. Sawa, ukitulia. Kwa kazi yetu ya kufungua mara nyingi na pikipiki inaruka kwenye mashimo, tegemea kama nusu, na mimi sisubiri hata hiyo nusu iishe, naujaza mapema. Hilo si kosa la mtungi, joto jingi linaingilia kwenye shingo na kila ukifungua unalikaribisha. Dalili ya kufa ni moja: ukiona barafu ama jasho kwenye mwili wa nje, pembeni au chini kitako, vakyumu imeingia hewa, hamisha mbegu saa hiyohiyo hata kama ni kwa jirani mnayegombania wateja. Mwenzangu mmoja wa Mbale mtungi wake wa zamani ulianza kutoa jasho hivyo, kufika jioni ulikuwa chupa tu. Kwa hiyo wa mtumba ukiletwa mtupu usinunue, hata aape vipi.

Shambani umenipendeza. Ni mwepesi, unaingia kwenye kreti nyuma ya pikipiki, na shingo yake nyembamba inasaidia moshi wa baridi ubaki chini. Kazi inakuwa hivi: mama amefunga ng'ombe kwenye mwembe, maji ya uvuguvugu digrii 35 hadi 37 kwenye flaski yameshapimwa na kipimajoto, si kwa kidole, ndipo nafungua. Kanista, kile kikopo kinachobeba mirija ndani ya mtungi, inapanda mpaka chini kidogo ya shingo, haitoki nje, kibano kinachukua mrija mmoja, sekunde chache, nisipouona haraka narudisha kanista chini ipoe kwanza kabla ya kujaribu tena. Mrija unaingia kwenye maji kama nusu dakika. Yule mama wa juzi alikuwa ameinama kabisa juu ya mtungi anataka kuona, nikamwambia, "Maama, uso mbali, hii haichomi kama moto lakini ngozi inatoka vilevile." Akacheka, akarudi nyuma hatua moja tu.

Ubaya wake. Koti ni takataka, mkanda ulikatika mapema kabla hata sijauzoea, nikaenda kwa fundi wa viatu akashona wa ngozi, sasa uko imara kuliko mtungi. Vishikio vya kanista ni vyembamba, vinapinda, na namba zilizoandikwa juu yake zilifutika kwa hiyo niliweka alama kwa rangi ya kucha. Kifuniko ni povu gumu, lile povu linaanza kuliwa pembeni, na kukipata cha peke yake ni shida, duka likaniambia ninunue mtungi mwingine, eti. Na mtu asije akawaza kutengeneza kifuniko cha kubana vizuri! Kile kimelegea makusudi. Lita moja ikigeuka gesi inakuwa karibu lita 700, ukiziba umetengeneza bomu. Kwa sababu hiyohiyo usiuweke ndani ya gari umefunga vioo vyote, ama chumbani unakolala, naitrojeni haina harufu, inasukuma hewa ya kuvuta na hutasikia chochote mpaka umeanguka.

Shida kubwa kuliko mtungi ni kujaza. Kuna siku nimelipa lita 3 nikapewa mbili, na jamaa ananiambia nyingine imepanda hewani ssebo, ndiyo nikaanza kubeba mizani ya ndoano ile ya wauza samaki, naning'iniza palepale mbele yake kabla na baada. Tangu hapo haipandi hewani tena.

Nani anunue: kama wewe unazunguka na pikipiki, una wateja wa karibu na una pahali pa kujaza si mbali, chukua, mtungi naupa nne kwa tano. Kama uko mbali, kwa mfano ndani ndani Karamoja ama kule juu Kapchorwa ambako mvua ikinyesha barabara inakatika, hii lita 3 itakuua, chukua ya lita 10 ikae nyumbani ndiyo stoo, hiyo inavumilia zaidi ya miezi miwili ikitulia, na hii ndogo iwe ya kutembelea. Mimi mwenyewe natafuta ya 10 iliyotumika, kama unayo niandikie, lakini uje nayo ikiwa na naitrojeni ndani, tuining'inize kwenye mizani jioni, ilale kwangu, asubuhi tukipima tena ndiyo tuanze kuongea bei.